Gari Lililokuchukua Limerudi Tinde

Mama Neema,

Ile pikapu nyeupe iliyokupeleka Geita imeletwa gereji kwangu hapa Tinde, ikivutwa kwa kamba. Injini imenoki. Bwana wako hataki kuiona tena. Amemtuma dereva aiuze kama ilivyo, na fundi aliyeombwa ainunue ni mimi. Nilicheka peke yangu mpaka wateja wakageuka kunitazama.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei.

Unaukumbuka mkweche wetu, ule tuliopakia mpunga kwenda Isaka? Mimi macho kwenye mashimo, wewe macho kwenye mshale wa joto. "Baba Neema, unapanda." Basi nasimama, tunasubiri ipoe, unajifunga kanga mkononi na kufungua rejeta. Ulikuwa ukinitania kwamba nimeoa wake wawili, na huyu mwenzio anakunywa maji kuliko ng'ombe.

Halafu akaja yeye, mnunuzi wa dhahabu, na gari lenye kiyoyozi. Ulipoondoka, baba yako alinirudishia ng'ombe wanne wa mahari. Sijaoa tena, na ng'ombe nilikuwa sijawagusa. Mkweche ulishakufa, nami nilitaka kurudi barabarani, lakini cha kuuza ninunue pikapu hii sikuwa nacho zaidi ya hao wanne. Yaani mahari yako iende kwa yule yule aliyekuchukua! Neema aliposikia akaniuliza, "Baba, unanunua gari au unamnunua mama?" Nikamwambia akachote maji.

Nina wivu, sikatai. Nilipofungua injini nikakuta hedi imepinda kwa joto, nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilijua basi, yule humtazamii mshale. Nikamwuliza dereva kama mama alikuwemo garini lilipochemka.

"Alikuwemo, fundi. Alisema mara mbili, 'Unapanda, simama.' Bosi akamwambia anyamaze, hii si mikweche ya kwao Tinde."

Niliumia kuliko siku uliyofunga mizigo. Kuondoka, mtu huondoka. Lakini maneno yale yalikuwa ya kwangu, Mama Neema, tuliyapata wote wawili kwenye vumbi la Isaka, ukaenda kumpa mtu ambaye hata hakuyataka. Nilikaa juu ya tairi bovu muda mrefu, spana mkononi, sikumbuki nilikuwa nafungua nini.

Gari nimelinunua. Ng'ombe wamekwenda, zizi liko tupu. Ila kiti cha kushoto nimekifungua bolti zote nne, nikampa dereva akurudishie. Neema anauliza sasa abiria atakaa wapi. Nimemjibu kwamba mshale nitautazama mwenyewe.

Baki salama huko Geita, Kalangalala. Nasikia ameagiza gari jingine. Hilo usilitazamie mshale, nakuomba. Liache lichemke.

Ni mimi,
Baba Neema