Kwa Nini Bado Nasoma Habari

Kawempe, Kampala
3 Novemba 1975

Mpendwa Mama Mdogo Sabah,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limetulia, na Baba Mdogo Mansur amepata nafuu ya kifua. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mvua zimeanza na sukari ni ya kuzungukia mji mzima, lakini tunalala na tunaamka.

Barua hii imeletwa na Mama mwenyewe badala ya posta, na sababu za kuikwepa posta unazijua: siku hizi barua hufunguliwa. Mama anasoma Kurani tu, herufi za kizungu hazijui, kwa hiyo nimeandika bila kujizuia. Isome ukiwa peke yako.

Mara ya mwisho uliniuliza mambo mawili: lini nitaolewa, na lini nitaiacha hii kazi ya televisheni nije Mombasa nifundishe. La kwanza namwachia Mungu. La pili nakujibu leo.

Unakumbuka nilivyoanza. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili hapa Kawempe, na walimu wenzangu wakinicheka kwamba nafundisha lugha ya kambi za askari. Serikali ilipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, wale wale wakaja kuniomba masomo ya jioni. Kituo cha televisheni nacho kikatafuta mtu wa kusoma habari bila kuchanganya "kula" na "kura". Nikasoma ukurasa mmoja mbele yao, wakaniambia nianze Jumatatu.

Haukupita muda wakaanza kunituma nje: Lusaka, Kinshasa, Addis Ababa. Nilisimama mbele ya kamera na ushungi wangu wa kijani, nikawauliza mawaziri maswali wasiyoyataka, mikanda ikapandishwa ndege kwenda nyumbani. Niliporudi, wanawake sokoni walikuwa wakiniuliza habari za Lusaka kana kwamba ni mtaa wa pili. Sijisifu, Mama Mdogo, lakini kazi ile niliiweza, na naiweza mpaka leo.

Safari zote hizo nilikwenda na mpiga picha mmoja, Opoka, Mwacholi wa Kitgum, mrefu, si mtu wa maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Tulipokuwa Addis nilitaka kutangaza kwamba waziri fulani amekasirika akatoka mkutanoni, maana hoteli nzima ilikuwa ikisema hivyo. Opoka akaishusha kamera.

"Umemwona akitoka?" akaniuliza.

Nikasema sikumwona.

"Basi taja aliyekuambia, au nyamaza."

Huko huko Addis tulijuana na Emile, Mkongo wa shirika moja la habari lenye ofisi Nairobi. Alipenda kazi yangu akaniahidi nafasi, siku yoyote nitakayotaka. Nilimjibu kwamba nitafikiri.

Mwezi wa tisa mwaka huu palikuwa na gwaride la jeshi, na Opoka alilipiga picha. Katika mkanda wake vikaonekana viti vitupu nyuma ya wakubwa, safu kwa safu. Hakukusudia ubaya, aliona viti, akapiga viti. Kesho yake mchana nilikuwa dirishani nikamwona akishuka ngazi za kituo katikati ya watu wawili nisiowajua. Kamera walimnyang'anya wakaiacha kwenye ngazi. Wakamwingiza katika gari, wakaondoka. Mlinzi aliiokota kamera akairudisha stoo, na mimi mwenyewe niliiona pale.

Siku chache baadaye, muda mfupi kabla ya taarifa ya jioni, Kapteni Kamis alituletea karatasi. Huyu Kapteni ndiye ofisa aliyewekwa kituoni kutusimamia. Karatasi ilisema kwamba mpiga picha Opoka ameiba vifaa vya serikali na kutorokea Kenya. Niliisoma nikiwa tayari nimeketi mbele ya taa. Kukataa kungekuwa kumfuata Opoka saa ile ile. Kusoma kungekuwa kumzika rafiki yangu kwa uongo, kwa sauti ambayo watu wameizoea na kuiamini.

Likanijia lile somo la Addis. Taa nyekundu ilipowaka, nikasoma hivi: "Msemaji wa serikali amesema kwamba mpiga picha Opoka ameiba vifaa na kutorokea Kenya." Kisha nikaendelea na bei ya kahawa.

Asubuhi Kapteni Kamis akaniita ofisini. Hakunikaribisha kiti.

"Karatasi ilisema Opoka ametoroka," akasema. "Wewe ukaweka msemaji ndani. Nani alikuambia weka msemaji?"

Nikamjibu kwa sauti ile ile ya habari: "Afande, mimi ni mwanamke wa Kawempe tu. Nikisema Opoka ametoroka, watu watauliza Rahima amejuaje. Nikimtaja msemaji wa serikali, wanajua neno limetoka juu."

Kisha akaketi, na uso ukamlegea.

"Hiyo ni heshima kwa serikali," akasema. "Kutoka leo wote wasome hivyo."

Basi ikawa amri. Mwenzangu Santo, anayesoma kwa Kiingereza, kwa hofu yake alimtaja msemaji hata katika matokeo ya mpira, mpaka nikalazimika kuuma ulimi nisicheke studioni. Mimi nina utaratibu wangu. Jambo nililoliona au kulihakikisha mwenyewe, kama mvua imebomoa daraja au kipindupindu kimeingia mtaa fulani, nalisoma kavu bila msemaji, na Kapteni hajali madaraja. Yale mengine namwachia msemaji wao ayabebe.

Jumapili moja Joska, mke wa Opoka, akaja kwetu kutoka Ntinda, akapita mlango wa uani. Nikawasha redio kwa sauti ya juu, nikamweleza jikoni kila kitu nilichokiona dirishani. Hakulia. Akaniambia kwamba polisi walimwambia mumewe amekimbia na mwanamke, na hata shemeji zake walikuwa wameanza kuamini.

"Wewe ungesema mwenyewe kwamba ametoroka, ningekaa kumsubiri arudi," akasema. "Ulipomtaja msemaji, nikaanza kufunga nguo za watoto."

Aliondoka nao juma lile, akapitia kwao kaskazini, akavuka mpaka kwenda Sudan. Mwezi uliopita nimeletewa habari ya uhakika kwamba wamefika kwa mjomba wake, na watoto wamepata shule. Habari za Opoka mwenyewe hakuna. Nakwambia wewe kile ambacho siwezi kukisoma kwenye televisheni: sidhani kwamba yu hai. Usiku namwombea, ingawa dini yake ni nyingine.

Baada ya hayo nilimwandikia Emile, kwa mkono wa msafiri, kwamba nakuja Nairobi. Nilikuwa tayari nimemwonyesha Mama hata sanduku la safari. Lakini Jumamosi nilipeleka sigiri yetu ya mkaa Katwe, kwa mafundi wa bati, ikazibwe tundu. Unajua kelele za Katwe, nyundo juu ya nyundo. Fundi akanitazama usoni, akaweka nyundo chini. Jirani yake naye akaweka, na mwingine, mpaka upande wetu wote ukawa kimya.

"Wewe ndiye wa habari," akasema yule fundi, polepole. Nikakubali.

"Endelea kusoma tu, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. " Sisi tunajua kusikiliza."

Kisha wakaendelea kugonga kana kwamba hapakusemwa neno. Nikarudi nyumbani na sigiri yangu, nikamwandikia Emile tena: ahsante, ila sasa siwezi. Ofisi yake Nairobi haitakosa watu. Hapa, Mama Mdogo, nikiondoka kiti changu atapewa mtu atakayesoma karatasi kama ilivyo. Hilo ndilo jibu langu la swali lako la pili.

Sasa ombi. Mama anadhani amekuja kwa wiki mbili, kwa harusi ya Abubakar. Nimemkatia tikiti ya treni ya kuja tu, ya kurudi sikukata. Watu hawa wakimtaka mtu na wasimpate, huchukua mzazi wake. Mimi naweza kusimama mbele ya Kapteni yeyote, lakini wakinitajia Mama nitasoma chochote watakachonipa. Akiwa kwako, hawana kitu cha kunitishia nacho. Mwambie wewe, baada ya harusi, kwa maneno utakayoona yanafaa. Atakasirika na kuanza kufunga mizigo. Mfungulie.

Nisalimie Baba Mdogo Mansur, na Abubakar na bibi harusi wake. Waambie zawadi yangu ni lile shuka la hariri lililo chini kabisa ya sanduku la Mama. Mungu aitie nyumba yenu amani, na amlinde kila asafiriye na kila abakiye.

Mpe Mama chai yenye sukari nyingi. Ameikosa tangu Ramadhani.

Wako akupendaye,
Rahima