Sabufa kwenye kiti cha mama mkwe

Boipelo uko wapi. Shika simu.

Nimerudi kazini namkuta Mothusi anatambaa sebuleni. Mume wangu, mtu mzima na kitambi chake, magoti chini, sikio ukutani. Nikajua tu, kuna hereni ya mtu imedondoka humu.

Namuuliza, "Unatafuta nini?"
Ananijibu, "Besi."

Besi, Boipelo.

Eti kanunua sabufa na ndivyo inavyopangwa. Unaiweka kwenye kiti cha msikilizaji, unapiga muziki kwa sauti ya chini isije ikaungua, halafu unatambaa kando ya kuta. Pale utakaposikia besi imejaa vizuri, ndipo unaihamishia.

Sikumwamini. Nimetambaa mwenyewe, na sketi yangu ya kazini. Hereni hakuna. Na kweli, karibu na friji besi inajaa mpaka kwenye meno.

Nikaona aibu, nikaenda kumsongea ugali wa bogobe. Nasonga, huku maneno yake yananirudia. Kwenye kiti cha msikilizaji.

Mothusi anakaa kwenye sofa. Mimi nakaa kwenye sofa. Sabufa iko kwenye kile kiti cha mama yake. Yule yule wa mieleka ya kwenye TV asubuhi mpaka usiku, na masikio hayasikii. Aliyerudi kwake Serowe baada ya Pasaka, nikapumua.

Nikamuuliza nikiwa huku huku jikoni, "Mothusi, mama anakuja lini?"

Muziki ukazimwa.

"Nani kakwambia?"