Mume Wangu Hataki Niilete Nyumbani Mashine Yake ya Zamani

Mpendwa mshauri Verna, naomba msaada wako upesi, kwa sababu Jumamosi karakana tuliyofanyia kazi mimi na mume wangu Gene inanadi mashine zake zote na kufunga milango, na mimi nataka moja tu, ile kubwa ya kuchonga chuma inayosimama sakafuni, ambayo meza yake hupanda na kushuka juu ya kitu tunachokiita goti, na nyumba nzima imenigeuka.

Niliingia karakana ile sina mvi hata moja, na kazi yangu ikawa tupa na benchi, kuondoa makali kwenye vyuma walivyochonga wanaume, maana msimamizi alisema mwanamke akikaribia mashine nywele zitamezwa, basi nikakata nywele, nikasoma masomo ya jioni, nikafaulu, na bado akanirudisha kwenye tupa. Aliyesimama kwenye mashine hiyo miaka yote ni Gene. Sasa nimestaafu, na akina mama wa parokia wameniletea mashine yao ya kusukumia unga wa pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kujazwa viazi na kuchemshwa, imepasuka kibao cha ubavuni, chuma kizito kinachotakiwa kuchongwa upya, na nimewaahidi nitakichonga mimi mwenyewe.

Gene na binti yetu Krystal wamenichagulia mashine mpya, ndogo, ya kuweka mezani, eti ndiyo zawadi yangu ya kustaafu, na picha yake wameibandika kwenye friji. Juzi naosha vyombo, Gene akaanza.

"Lorna, mama, lile dude lina uzito wa gari. Litapita wapi? Mlango wa gereji yetu mfupi."

"Litapita."

"Halafu kuukuu. Hii ndogo mpya, ina dhamana, inakutosha."

"Inanitosha mimi, au inakutosha wewe?"

"Basi nunua na foklifti kabisa, tuiegeshe sebuleni!"

Krystal akacheka, mimi nikavunja sahani, Verna, sikukusudia lakini sikujuta. Mashine ndogo kama hiyo nimeshaijaribu kwa jirani, nikaweka kipande cha chuma kizito kama kile cha parokia, ikatetemeka mpaka kikombe cha jirani kikatembea mezani. Gene amenuna tangu siku ile, hata kahawa anainywa akinipa mgongo, nusu kikombe tu, kwa kuwa mikono inamtetemeka tangu mwaka jana na daktari anasema haitatulia tena, basi sitaki kumwongezea uchungu, lakini pia sitaki kufa nikiwa mtu wa tupa. Je, nipokee zawadi nishukuru, au niende mnadani nizue vita?

Lorna Stanczak, Toledo, Ohio

*

Lorna,

Nenda mnadani. Hilo limekwisha, sasa kaa nikugombeze.

Umeniandikia ukurasa mzima wa meza na goti, halafu mikono ya mumeo ukaitaja mwishoni, pamoja na kahawa. Mama wewe! Ugomvi wenu uko hapo. Gene haogopi mlango mfupi. Anajua kuliko mimi na wewe kwamba kichwa cha mashine ile unalegeza boliti, unakilaza, inapita. Anachoogopa ni kuikuta kila asubuhi ndani ya gereji yake na asiweze kuishika. Namwonea huruma, na wewe mwonee. Lakini huruma haichongi chuma. Ukiichukua ile ndogo ili asiumie, utamkasirikia kila itakapotetemeka, na akina mama wa parokia wataendelea kusukuma unga kwa chupa.

Siitukani ndogo. Ungekuwa unachonga vidude vya shaba vya kupamba dirisha, ningekuambia ipokee na umbusu mzee. Kwa kibao kile, hapana.

Na wewe nawe usiende huko kama bibi harusi. Rangi mpya huficha mengi. Shika mpini, ipeleke meza kutoka katikati mpaka mwisho, huku na huku. Ikiwa laini katikati na ikakaza mwishoni, imelika pale ilipofanyia kazi zaidi, na kama imelika sana iache, hata kama umeiota ujana wako wote. Pandisha goti mpaka juu, usikie kama linakwaruza. Waambie waiwashe mbele yako, na anayekuambia "inawaka, niamini" mwache hapo hapo. Tena mashine za karakana hutaka umeme wa fezi tatu, na nyumbani kwako haupo, kwa hiyo tafuta mapema kifaa cha kuugeuza, la sivyo utakuwa umenunua kabati.

Leo hii mwambie Krystal asante, na picha itoke kwenye friji. Kisha mwambie Gene waziwazi, bila sahani: "Nainunua. Njoo unionyeshe imelika wapi." Hakuna mwingine anayelijua jibu hilo. Atanuna ndani ya gari njia nzima, mwache anune.

Na siku utakayoiwasha gerejini atakuja kusimama mlangoni, utamsikia: "Siyo hivyo, Lorna, inalia vibaya." Msikilize, masikio yake hayatetemeki. Msogezee kiti akae karibu. Mpini usimwachie.

Verna