Mwigizaji wa Wales Nyumbani mwa Eda

Bi Mwatima, hadi sasa siamini. Mjukuu wangu Qais ameleta mwanamume mgeni katika nyumba yenye eda.

Ni yule mwigizaji mzee wa Wales anayecheza filamu huku Mji Mkongwe. Alitaka kumtazama Muzna, dada yake Qais, akimlilia mumewe. Kumtazama, shoga yangu, ili akaigize.

Akakaa ukumbini kwangu kunieleza maisha yake: mtoto wa mchimba makaa, majukwaa ya London, kisha sinema. Qais akitafsiri kwa fahari. "Bibi, anasema ameigiza wafiwa miaka mingi, ila kilio cha kweli hajakiona."

Hajakiona.

Nikasema, "Muulize, kwao hakuna afaye?"

Akajibu kuwa mkewe alifariki, naye jioni hiyo hiyo akapanda jukwaani. Alisema kama mtu anayengoja kupongezwa.

"Basi mwambie akamlilie wake, ajitazame kiooni. Kisha tokeni nyote wawili."

Nilipoingia chumbani, nilimkuta Muzna amejiziba mdomo kwa khanga asisikike. Amejizuia kulia nyumbani kwao, kwa sababu ya mgeni wa kaka yake. Qais hatakanyaga hapa mpaka dada yake amalize eda.