Mikono Aliyoichora Mama Mkwe

Mwenzangu, tumetolewa nje ya jumba la sanaa. Mimi na watoto wangu! Kisa mama mkwe.

Tulikwenda kuona maonyesho ya picha za marehemu baba mkwe. Msimamizi akasimama mbele ya picha moja ya mshonaji, akatutangazia, "Hakuna aliyejua kuchora mikono kama bwana huyu."

Mama mkwe, kwa sauti yake ile unayoijua: "Mikono niliichora mimi. Yeye vidole vilimshinda, vilikuwa vinatoka kama karoti."

KAROTI! Mbele ya wageni wote!

Msimamizi akauliza, "Mama, una ushahidi?" Mama mkwe akampokonya kalamu, akauchora mkono wake nyuma ya tiketi, hadi pete na ukucha uliokatika. Wanangu wakapiga makofi.

Msimamizi akasema suala hilo litapelekwa kwenye kikao. Mama mkwe akamkatiza, "Kikao? Nimesubiri miaka arobaini!" Akaifuata karatasi ya maelezo ukutani, akaanza kuandika jina lake chini ya la mumewe.

Ulitaka nifanye nini? Nilimshikia mkoba ili aandike vizuri.