Aisii Uliyoikwangua Namba

Baba Safari, shikamoo. Sijui kama huko uliko bado watu wanaamkiana, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila hiyo. Ungenirudisha nje niingie upya, kama siku ile ya kwanza kibandani.

Nina hasira na wewe, Fundi. Nalisema mapema nisije nikalimeza tena. Siku mbili kabla hujaondoka ulinishika mkono pale kitandani ukasema, "Paska, ile aisii ya pedali zangu usimwambie mtu." Nikaapa. Mama Safari alikuwepo, alisikia. Nikangoja uniambie ni aisii gani kati ya vile vidude vyeusi vya miguu minane. Ukaomba maji, ukalala, na kesho yake hukusema tena. Uliniapisha nitunze siri ambayo hukunipa.

Tangu hapo nimo kibandani mwako kama mtu aliyefungiwa ndani, na aliyefunga ameondoka na ufunguo. Wapiga gitaa wa kwaya wanakuja kutoka Nakwa, wengine hadi kutoka Mbulu. Wanaweka mezani zile pedali zako, visanduku vya kukanyaga kwa mguu ili gitaa lingurume, na wote wanataka sauti ileile. Wanajua nimekaa na wewe miaka sita. Nikisema ngojeni kidogo, wananiona mchoyo. Bora waniite mchoyo. Nikisema sijui, watajua kwamba miaka yote sita hukuniamini.

Nakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Pedali ikishakamilika, unachukua msasa, unaikwangua ile aisii ya kukuza sauti mpaka namba inafutika, halafu unaipaka rangi nyeusi ya kucha ya Mama Safari. Wakati huohuo unanituma chai. Nikirudi vidole vyako vina vumbi jeusi na unacheka. Mimi nami nilikuwa nacheka. Nilidhani ni utani tu, na kwamba siku yangu ingefika.

Wiki tatu zilizopita Elibariki wa kwaya ya Maisaka alichomeka pedali yake kwenye adapta ya king'amuzi. Unamjua, kinachoingia yeye anachomeka. Ikatoa moshi. Akaja mbio: Jumapili ya kusimika msalaba kwenye kaburi lako kwaya itaimba, na gitaa lazima lisikike kama ulivyolitengeneza wewe. Nikafungua. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa aisii. Imepasuka katikati, nyeusi, haina namba.

Nikaweka soketi ya miguu minane ili niwe nachomoa na kuchomeka. Nilianza na aisii namba 358 kwa sababu ilikuwa kwenye droo ya karibu. Ukipiga kwa nguvu inakubali, ukipiga taratibu sauti inakwaruza. Nikaagiza 5532 kutoka Arusha, ikaja na basi. Safi mno, Fundi, safi mpaka gitaa halina mwenyewe, tena inakula betri kuliko zote. Ya 072 nikadhani ndiyo. Haina kelele na inalipokea gitaa vizuri. Elibariki alipiga kidogo, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Siyo Fundi huyu." Nilitamani nimtupie bisibisi.

Siku zile nilikuwa najifungia kwa ndani mchana kweupe. Watu wakigonga, siwafungulii.

Alhamisi aligonga Mama Safari, na yeye hakuondoka mpaka nikafungua. Aliingia na chupa ya chai, akanikuta nimezungukwa na aisii. Nikalia. Nikamwambia ukweli, kwamba hukuniambia. Alimimina chai, kisha akasema, "Kwani si zile alizokuwa anachomoa kwenye masabufa mabovu? Zimenimalizia rangi ya kucha."

Boksi la masabufa mabovu liko chini ya meza, Fundi! Miaka sita nimekuwa nikipumzishia miguu juu yake. Nilichomoa moja, nikasoma: 4558. Imo ndani ya karibu kila sabufa iliyokufa mjini hapa. Nikaichomeka, nikamwita Elibariki. Aligusa waya mmoja tu wa gitaa, nikajua. Sauti nzito, ya joto, ukali wake umelainishwa kidogo. Ulikuwa umekaa pale nasi.

Nilicheka mpaka Mama Safari akaingiwa na wasiwasi, kisha hasira zikanirudia. Uliona aibu kwamba ni ya kuokota? Nani angekudharau? Mimi nimejaribu tatu za dukani zikashindwa. Kulijua sikio linataka nini, hadi ukainama kukitafuta kwenye takataka, huo ndio ulikuwa ufundi wako. Huo ndio ungenifundisha.

Jumapili kwaya iliimba. Jenereta tuliiweka mbali kidogo, kwenye mahindi, na gitaa likanguruma taratibu juu ya kaburi lako. Hata walioniita mchoyo walilia. Baadaye Elibariki akanifuata. "Dada Paska, hivi hiyo aisii ni ipi?"

Nikakumbuka kiapo chako. Nikamtazama Mama Safari. Alikuwa ameinama, anapangusa udongo kwenye viatu vyake, hanitazami. Nikasema, "4558. Ya kwenye sabufa."

Nimevunja kiapo, Baba Safari. Na usidhani nimekuwa huru. Juu ya mlango bado kuna jina lako, wateja bado wanataka sauti yako, nami sijui kama ulinificha au muda ulikuishia tu. Hilo nitaishi nalo humu ndani, na linauma.

Nakuahidi kingine badala ya kile. Atakayekaa kwenye stuli yangu kujifunza, nitamwambia siku ya kwanza, kabla hajanipa hata chai. Msasa wako nimempa seremala wa jirani.

Lala salama, Fundi wangu. Pedali ya Elibariki nimeifunga kwa skrubu ambazo yeyote anaweza kuzifungua. Ndani, namba iko juu, inasomeka.

Paska