Nakala kwa Pande Zote

Bismarck, 9 Desemba

Kwako Corinne,

Hujambo shoga yangu, na shemeji Arvid hajambo? Mimi mzima, baridi tu. Tangu niapishwe kuwa jaji wa shirikisho sina mtu. Juzi kwenye karamu ya mawakili nilitoa kichekesho cha ovyo, ukumbi mzima ukacheka, kisha nikala peke yangu. Kazi yenyewe ni ya maisha, na nimeanza kuiogopa. Njoo Jumamosi tukavue samaki ziwani kama zamani, barafu imeshika, tutasimama juu yake. Kahawa nitabeba mimi, yako hainyweki.

Dada yako,
Marlys

Minot, 15 Desemba

Kwako Marlys,

Salamu zimefika, sisi hatujambo. Kahawa yangu imekukosea nini? Lakini siji. Kesi ninayomwakilisha mkulima Lunde kama wakili wake, anayeidai serikali fidia ya mazao, imeangukia kwako. Wakili wa serikali anajua urafiki wetu, na amekubali uisikilize mradi tukae mbalimbali. Vumilia, dada, itaisha.

Nduguyo,
Corinne

Minot, 2 Machi

Kwako Marlys,

U hali gani? Mimi si mzima. Nina saratani ya titi, napasuliwa tarehe kumi na nne. Arvid bado sijamwambia, natafuta pa kuanzia. Wewe ndiye wa kwanza. Naogopa sana. Na siku hiyohiyo ndiyo kesi ya Lunde, tafadhali isogeze mbele kidogo.

Nduguyo,
Corinne

Bismarck, 5 Machi

Kwako Corinne,

Pole, pole sana. Nimefunga mlango wa ofisi nikalia. Lakini umeniomba jambo la kesi, na upande wa pili haukuwepo; sheria yataka nao ujue. Barua yako nimeitia kwenye faili, nikaamuru watu wengine wasiisome, ila wakili wa serikali ilibidi apewe nakala. Ndivyo ningemfanyia wakili yeyote. Kesi nimemwachia jaji mwingine, na ameshaiahirisha. Sasa hakuna wa kutuzuia. Nije hospitali nikae nawe?

Dada yako,
Marlys

Minot, 11 Machi

Kwako Marlys,

Salamu. Wakili wa serikali ni mtu mwema, ametuma maua nyumbani na kadi ya kuniombea nipone saratani. Aliyefungua mlango ni Arvid. Alisoma kadi, akayaweka maua mezani, na tangu jana hajanisemesha.

Ulifanya haki. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo, na sina la kukulaumu. Ila usije.

Corinne Haugen